Uzi: Nimepandisha kifurushi hadi Mbps 200 ila chumbani bado 18, shida haikuwa faiba

Mleta uzi (Kimara, Dar)

Wakuu habari zenu. Mwezi mzima uliopita nimehangaika na kitu ambacho naona wengi tunacho, umelipia spidi kubwa, hela imetoka, ila ukishika simu chumbani video inazunguka tu. Sasa nimeshaelewa tatizo lilikuwa wapi na nataka niandike yote hapa kwa mtiririko ule ule niliopitia, maana nimepoteza pesa na muda ambao mwingine hana haja ya kuupoteza.

Kazi yangu ni kuediti video za harusi na sendofu. Nikimaliza napandisha faili mtandaoni mteja aichukue, faili moja inafika GB 12 hivi. Nina faiba nyumbani, kifurushi kilikuwa Mbps 50 kushusha na kupandisha sawasawa, nikaona nachelewesha watu nikapanda hadi 200. Siku waliyonibadilishia nikakimbilia chumba cha uani ninakofanyia kazi, nikapima, 18. Nikarudia, 17. Na kabla ya kupandisha kifurushi nilikuwa napata hiyo hiyo 18! Nikawapigia watoa huduma nikawaka kweli, dada wa huduma kwa wateja akaniambia kwa upole kwamba upande wao laini iko sawa na akaniomba nichomeke laptopu kwa waya nipime tena. Sikumsikiliza, nikakata simu. Alikuwa sahihi kabisa na niliwapigia baadaye kumwomba radhi.

Kabla sijaendelea, hesabu moja ambayo inachanganya watu sana. Kifurushi kinauzwa kwa megabiti kwa sekunde, ile Mbps yenye b ndogo. Faili kwenye kompyuta linahesabiwa kwa megabaiti, MB yenye B kubwa. Baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo Mbps 200 ukigawa kwa 8 unapata MB 25 kila sekunde, na ukiona kompyuta inashusha kitu kwa MB 25 usiseme umeibiwa, hiyo ndiyo 200 yako. Faili langu la GB 12 ni kama megabiti 96,000. Kwa 18 linachukua saa moja na nusu, kwa 50 ni dakika 32, kwa 200 ni dakika 8. Mteja akiwa amekaa pale anasubiri, tofauti ya saa moja na nusu na dakika nane unaijua mwenyewe.

Sasa nyumbani kwangu mtandao unapita hivi: faiba inaingia kwenye kile kiboksi cha faiba ukutani sebuleni, kiboksi kinatoa waya kwenda kwenye rauta yangu ya zamani, rauta inarusha waifai, waifai inavuka kuta mbili za bloku na uwanja wa kama mita kumi na tano hadi kwenye laptopu. Vipande vinne hivyo, na spidi utakayoipata mwisho ni ya kile kipande kinachopitisha kidogo kuliko vyote. Mimi nilikuwa nimeongeza kipande cha kwanza tu, vingine vitatu viko vile vile.

Hatimaye nikafanya alichosema yule dada. Nikachomeka laptopu kwenye rauta kwa waya. 94. Nikapima asubuhi, mchana, usiku wa manane, 94, 93, 94. Hii namba wakuu ikaririni, kwa sababu mtandao wenye shida huwa unapanda na kushuka, ukiona imeganda kwenye 93 au 94 muda wote ujue kuna mahali umepita kwenye poti (tundu la kuchomekea waya) ya Mbps 100. Ile sita inayopungua inaliwa na taarifa za kusafirishia, anwani na vitu kama hivyo. Rauta yangu ilikuwa ya zamani, poti zake zote ni za 100.

Nikasema basi tatizo ni rauta, niiruke. Nikachomeka laptopu moja kwa moja kwenye kiboksi cha faiba, poti yake ni ya giga, yaani Mbps 1000, imeandikwa kabisa. Nikapima: 94 tena!

Hapo ndio nilichanganyikiwa nikaenda kumwona fundi mmoja wa mitandao mtaani kwetu, mzee wa watu mtulivu, hakunichaji hata shilingi. Akauliza waya gani umetumia. Nikamwambia ule ule uliokuja kwenye boksi la rauta ya zamani. Akanipa wa kwake nikajaribu. 207.

Iko hivi. Waya wa LAN, huu wa mtandao wa kuchomeka, una nyuzi nane, jozi nne. Poti ya Mbps 100 inatumia jozi mbili tu, nyuzi nne. Giga inatumia zote nane. Ukikatika hata mmoja katika zile ambazo mia haizihitaji, vifaa viwili vinakubaliana kimya kimya kushuka hadi 100 na mtandao unaendelea kufanya kazi vizuri tu, hakuna taa nyekundu wala ujumbe wowote, huwezi kujua. Kuiangalia kwenye Windows ni rahisi, fungua taarifa za muunganisho wa waya utaona spidi ya kiungo, ikiandikwa 100/100 badala ya 1000/1000 basi ama poti ama waya.

Kwa hiyo nilikuwa na vikwazo vitatu vimepangana, waya, poti na waifai. Ukiondoa kimoja namba haibadiliki, kingine kinakukamata pale pale. Ndio maana mtu ananunua rauta ya laki kadhaa anaona hakuna kilichobadilika anasema rauta mpya ni utapeli.

Nitaendelea na ununuzi wa rauta, ila kama kuna swali karibuni.

Mdau wa Tabata

Mkuu asante sana kwa uzi. Mimi nina 150 na napata 94 kila siku, nilikuwa nadhani ndio wanavyogawa. Ngoja nikitoka kazini nikaangalie huo waya.

Swali, kwenye boksi la rauta yangu imeandikwa 300 Mbps, inawezekana kweli poti ikawa ya 100?

Mleta uzi

Mkuu hiyo 300 ni ya hewani, si ya poti. Ni rauta za kizazi cha N, siku hizi wanaita Wi-Fi 4, kiwango chake kilipitishwa mwaka 2009. Na hiyo 300 yenyewe ni kwenye mahesabu tu, chaneli (njia ya hewani rauta inayorushia) ikiwa pana kabisa ya MHz 40 na kifaa chako kina antena mbili. Mtaani kwetu ambako kila nyumba ina waifai rauta inarudi kwenye MHz 20, hapo ni 144, simu ya antena moja inashika 72, na katika hiyo 72 unachokiona kwenye kipimo ni kama nusu. Hewa haifanyi kazi kama waya, ni mmoja anaongea wengine wanasubiri, na kila kilichotumwa lazima kijibiwe kwamba kimefika.

Weka na kuta. Ndiyo ikapatikana 18 yangu.

Kuhusu namba za kwenye maboksi, huwa ni jumla ya bendi zote, yaani masafa ambayo rauta inarushia, GHz 2.4 na GHz 5. AC1200 ni 300 ya bendi ya 2.4 kujumlisha 867 ya bendi ya 5, halafu wakakadiria kwenda juu ikafika 1200. AX1800 ni 574 na 1201. Simu kwa kawaida inatumia bendi moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo hiyo jumla hakuna kifaa chako kitakachoiona hata siku moja.

Na hapa kuna mtego ambao nusura uninase Kariakoo. TP-Link Archer C50 na Archer C6 zote ni AC1200, ukiziweka pamoja dukani unaona ni ndugu, bei haijapishana sana. C50 poti zake ni za 100, C6 ni za giga. Kama kifurushi chako ni cha 50 basi C50 inakutosha kabisa usiongeze hela, lakini kama ni 150 au 200 umenunua kikwazo kipya. Muuzaji hakuambii, si kwamba ni mbaya, hajui tu. Soma kwenye boksi sehemu ya poti, ikiandikwa 10/100 ni ya mia, ikiandikwa 10/100/1000 au neno Gigabit ndiyo yenyewe.

Mdau wa Mwanza

Habari wakuu. Sisi wengine faiba haijafika mtaani, natumia rauta ya laini ya 4G. Nikinunua rauta kubwa ya Wi-Fi 6 spidi itaongezeka? Na nina bando la GB 100, je hizo GB ndizo spidi?

Mleta uzi

Hapana dada/kaka, GB za bando ni kiasi, kama lita za mafuta kwenye tanki. Spidi ni Mbps. Unaweza kuwa na GB 100 na spidi ya 3.

Kwa 4G usinunue rauta ya waifai kwanza. Kwako kikwazo karibu kila mara ni kati ya rauta na mnara, waifai ndani ya nyumba inapitisha zaidi ya mnara unavyokupa. Fungua setingi za rauta tafuta namba inayoitwa RSRP, ndiyo nguvu ya mawimbi ya mnara. Huwa ni hasi, ikiwa karibu na -80 uko vizuri, ikifika -110 unasikia kwa shida sana. Hamisha rauta dirisha moja hadi jingine huku unaiangalia hiyo namba, subiri dakika moja kila ukihamisha. Upande wa dirisha unaotazama mnara na upande wa pili wa nyumba hiyo hiyo ni vitu viwili tofauti kabisa, na bati la paa linakata sana. Jioni saa mbili saa tatu spidi itashuka tu kwa sababu mtaa mzima uko kwenye mnara mmoja, hilo hakuna rauta inayoliondoa.

Mdau wa Mwanza

Nimeitoa nyuma ya tivii nimeiweka dirishani, imetoka -108 hadi -91. Spidi kutoka 6 hadi 21. Sijatumia hata shilingi. Mungu akubariki. (Mimi ni dada 🙂)

Mleta uzi

Safi sana dada yangu, nimefurahi kweli kweli.

Basi niendelee. Baada ya waya mpya nikanunua rauta, Wi-Fi 6 ya AX1800 yenye poti za giga. Kwa nini nimechagua 6 na si 7 wakati 7 imeanza kuthibitishwa tangu Januari 2024? Kwa sababu niliangalia vifaa vya nyumbani kwanza. Laptopu yangu ni Wi-Fi 6, simu ya mke wangu Wi-Fi 5, simu yangu Wi-Fi 5, tivii Wi-Fi 4. Rauta ya Wi-Fi 7 ikiongea na simu ya Wi-Fi 5 inaongea lugha ya 5. Faida ya 6 niliyoiona ni pale watu wanapokuwa wengi, wakija wageni Jumapili simu kumi na tano zinaingia na rauta haiyumbi, kwa sababu inaweza kugawa chaneli moja vipande vipande ikahudumia vifaa kadhaa kwa mpigo. Mtu mmoja mwenye simu ya zamani hataona kikubwa.

Nikaweka juu ya kabati sebuleni, katikati ya nyumba, si chini nyuma ya tivii. Matokeo kwa bendi ya 5 GHz: sebuleni 205, chumba cha kulala 160, jikoni 90, chumba cha uani... 11. Kumi na moja wakuu, pungufu ya rauta ya zamani! Nikabadilisha kwenda bendi ya 2.4, nikapata 26.

Hii ni tabia ya mawimbi, bendi ya 5 ina barabara pana ila ukuta unaimaliza haraka, bendi ya 2.4 inapenya zaidi ila ni nyembamba na imejaa majirani. Bloku la inchi sita moja inavuka, ya pili inachoka, ikikuta na ukuta wa jikoni wenye vigae na friji ya chuma imekwisha.

Kwa hiyo rauta mpya peke yake haikunisaidia pale nilipokuwa nataka inisaidie. Hii ndiyo sehemu ngumu kuikubali ukiwa umeshalipa.

Mdau wa Unguja

Assalam aleikum. Hayo ya kuta nakubaliana nayo khasa. Mie niko Mji Mkongwe, nyumba zetu hizi kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, upana wake shubiri mbili haziumalizi. Rauta ipo ukumbini, chumba cha pembeni tu hapo simu inasoma mstari mmoja. Nilinunua ekstenda, kile kifaa cha kurudia waifai, ya kuchomeka kwenye soketi, mistari ikajaa yote minne lakini spidi ikawa nusu ya ile ya mwanzo. Vipi mistari ijae spidi ipungue?

Mleta uzi

Waalaikum salaam ndugu yangu. Mistari inakuonyesha umbali wako na ekstenda, haikuonyeshi ekstenda inapata nini kutoka kwenye rauta. Ekstenda za bei nafuu zinasikiliza rauta na kukurushia wewe kwa redio hiyo hiyo moja, kila neno linasemwa mara mbili hewani, kwa hiyo lazima nusu ipotee. Na ukiiweka ndani ya chumba chenye shida nayo inasikia vibaya kama wewe. Ikiwa huna njia nyingine iweke mlangoni, pale ambapo rauta bado inasikika vizuri, si ndani kabisa.

Kwa nyumba kama yako hata zile za meshi (rauta kadhaa zinazoshirikiana) zitapata tabu zikiunganishwa kwa hewa. Dawa ni waya. Nyumba za zamani mara nyingi zina pahali waya wa umeme au wa antena ya tivii ulipita, pita juu ya mlango pale pale, huna haja ya kutoboa mawe.

Na mimi nilifanya hivyo hivyo. Nikanunua waya wa LAN aina ya Cat6 wa mita 30, nikaupitisha kwenye bomba lake la plastiki (aina ile ya waya za umeme) kutoka sebuleni hadi chumba cha uani. Hapo kwenye waya naomba muwe makini, kuna waya unauzwa bei nafuu ambao ndani si shaba, ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Kwangua uzi mmoja kwa wembe, ukiona weupe chini ya rangi ya shaba uache. Unakatika ukiukunja na kwa umbali mrefu unapoteza. Waya mzuri unakwenda hadi mita 100 kwa giga bila shida. Wangu wa nje uko ndani ya bomba muda wote, na mvua za radi nachomoa pande zote mbili.

Mwisho wa waya nikaweka akses pointi ndogo, kifaa kinachopokea mtandao kwa waya na kurusha waifai. Laptopu nimeichomeka kwa waya kabisa, 206 kushusha 204 kupandisha. Faili la GB 12 juzi limepanda kwa dakika tisa. Mke wangu alidhani limekwama kwa sababu nilitoka mapema.

Ile rauta ya zamani sikuitupa, imekuwa akses pointi ya upande wa tivii. Unaingia kwenye setingi zake, unaipa anwani tofauti na rauta kubwa, mfano kubwa ikiwa 192.168.1.1 yenyewe iwe 192.168.1.2, unazima DHCP ili isigawe anwani, halafu waya unachomeka kwenye poti ya LAN, si ile ya WAN (ya kupokelea mtandao kutoka nje). Poti zake ni za 100 lakini tivii inataka nini? Netflix wenyewe wanasema Mbps 5 kwa picha ya 1080 na 15 kwa 4K. Inabaki na nafasi tele.

Mdau wa Nairobi

Sasa wakuu. Mimi naishi fleti, ghorofa ya nne, nikifungua orodha ya waifai naona majina thelathini na zaidi. Nyumba ni bedsita, hakuna ukuta wowote kati yangu na rauta, bado jioni Zoom inakatika. Nimeshabadilisha rauta, nimenunua nyingine pale Luthuli Avenue, waya ni mpya, kwa waya inafika kifurushi chote. Kwa waifai ndio shida.

Mleta uzi

Karibu sana ndugu. Kwako kikwazo ni msongamano. Bendi ya 2.4 ina chaneli kama kumi na tatu ila zimelaliana, zisizogusana ni tatu tu, 1, 6 na 11. Nyumba thelathini kwenye chaneli tatu, hesabu mwenyewe. Na ukiweka chaneli 3 ukidhani umekimbia watu, umejiweka katikati ya wa 1 na wa 6, wote wanakuumiza na wewe unawaumiza. Pakua programu ya kuangalia waifai kwenye simu, chagua ile kati ya hizo tatu yenye watu wachache, upana uweke MHz 20.

Lakini kwa bedsita usihangaike na 2.4 hata kidogo. Ipe bendi ya 5 jina lake peke yake, laptopu iunganishe huko tu. Ile tabia ya ukuta kuzuia 5 GHz ambayo mimi iliniumiza, kwako ni baraka, ya majirani haikufikii kwa nguvu.

Kingine, Zoom kukatika siku zote si spidi. Kuna pingi, muda wa ujumbe kwenda na kurudi. Wakati wa mkutano kuna mtu au simu inapandisha kitu? Picha kwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni kwa mfano?

Mdau wa Nairobi

Nimeangalia, simu yangu ilikuwa inapandisha video kila ikikaa kwenye chaji. Jioni ndio nachaji.

Mleta uzi

Basi ndiyo hiyo. Hata kwangu ilitokea, nikipandisha faili la mteja mke wangu kwenye mkutano anaganda, wakati kushusha kuko wazi kabisa. Njia ya kupandisha ikijaa rauta inapanga foleni, na vile vipande vidogo vya sauti yako vinasimama nyuma ya faili kubwa. Ingia kwenye setingi tafuta QoS (sehemu ya kupanga kipaumbele), weka kikomo cha kupandisha kama asilimia 85 au 90 ya kifurushi chako. Unapoteza spidi kidogo lakini foleni haijengeki. Nilipima, bila kikomo pingi ilikuwa inatoka milisekunde 6 hadi 300 nikipandisha, sasa haivuki 20.

Na nyongeza kwenu wote, kipimo cha spidi kinachagua seva ya karibu, Dar kwa Dar au Nairobi kwa Nairobi. Ukipakua kitu kilichoko Ulaya pingi inavuka 100 na spidi inaweza kuwa ndogo bila kosa la mtu yeyote nyumbani kwako. Mnakumbuka Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini kusini huko, mtandao ukalala Tanzania na nchi nyingine za ukanda huu. Siku ile nilizima na kuwasha rauta mara nane. Siku hizi kitu kikigoma napima kwa waya kwanza, halafu seva ya karibu, halafu ya mbali, ndani ya dakika tatu najua kosa liko ndani, mtaani au baharini.

Mdau wa Mwanza

Kaka na umeme ukikatika?

Mleta uzi

Dada faiba inayotoka kwao hadi kwako haitumii umeme njiani, ni mwanga tu unapita kwenye vigawanyio visivyo na umeme. Kwa hiyo upande wao ukiwa na umeme wa akiba, wewe ukiwasha kiboksi na rauta mtandao upo. Nimenunua ups ndogo (betri ya akiba) ya volti 12, inabeba vyote viwili kama saa tatu. Angalia adapta zako kwanza, rauta nyingine ni volti 9, ukichomeka 12 utaiunguza. Kwa rauta yako ya 4G angalia imeandikwa ngapi kwa chini.

Na la usalama nilisahau. Rauta mpya badilisha paswadi ya kuingilia setingi, si ya waifai tu, zima WPS (ile ya kuunganisha kwa kitufe au namba fupi), ulinzi wa waifai weka WPA2 au WPA3, apdeti programu yake. Jirani yangu alikuwa na watu tisa wasiojulikana kwenye rauta yake, analipa kila mwezi akidhani mtandao mbovu.

Mdau wa Tabata

Wakuu nimerudi. Kwanza kwenye laptopu ilikuwa inasoma 100/100. Rauta nimeigeuza, poti ni 10/100/1000. Nikanunua waya mpya mfupi hapo Tabata Relini, nikachomeka, 1000/1000. Kipimo: 149. Miezi saba nimelipia 150 natumia 94.

Mleta uzi

Hongera mkuu! Huo waya wa zamani hebu uukate katikati uangalie, una nyuzi ngapi ndani?

Mdau wa Tabata

Nimeukata sasa hivi. Nne tu.